Jeti ya kijeshi iliyostaafu ikigoma kuruka: dalili na vyanzo kwa mafundi wa Lubumbashi

Jeti iliyostaafu jeshini huharibika zaidi ikiwa imeegeshwa kuliko ikiwa angani. Mpira hukauka, baruti ya kiti hupitwa na tarehe, maji hukusanyika chini ya tangi, na vibali huisha muda bila mtu kuvigusa. Fundi anayeikuta imekaa miaka minane ndani ya hanga asikimbilie kuuliza kama moteri inawaka. Aulize kwanza ni nini hapa kimepitwa na muda. Dalili nyingi zilizo hapa chini zitamrudisha kwenye swali hilo.

Mifano mingi ni ya L-39 Albatros, kwa kuwa ni miongoni mwa jeti za kijeshi ambazo raia huzipata kwa urahisi zaidi: moteri moja ya AI-25TL yenye msukumo wa kilo 1,720, uzito wa juu wa kuruka kilo 4,700. Hapa na pale tunagusa MB-326, ambayo Zaire iliirusha na Afrika Kusini iliiunda kwa leseni kwa jina la Impala. Wazee wa Katanga ukiwatajia jeti watakukumbusha Fouga za mwaka 1961 kule Kolwezi. Hata hiyo ni ndege ya mafunzo, na maradhi yake ya uzeeni ni haya haya.

Ndege nzima, kibali hakuna

Moteri inawaka, breki zinashika, redio inasikika, lakini mamlaka haitoi cheti. Hapa wengi hudhani wanasumbuliwa. Mara nyingi chanzo kiko kwenye asili ya ndege yenyewe.

Mkataba wa Chicago wa 1944, kifungu cha 3, unaziweka ndege za jeshi, forodha na polisi nje ya kanuni za usafiri wa kiraia. Ndege ikiandikishwa kwa jina la raia inaingia ndani ya mkataba, na kifungu cha 31 kinadai iwe na cheti cha kustahili kuruka ikienda nchi nyingine. Cheti hicho hutolewa kwa aina ya ndege iliyokwisha kuthibitishwa kiraia tangu kiwandani. L-39 ya jeshi haikupitia mlango huo, na huwezi kuurudia leo kwa kubadilisha redio na rangi.

Kwa hiyo nchi zenye jeti hizi hutoa karatasi ya daraja la chini. Uingereza hutoa kibali cha kuruka, chenye masharti yaliyopangwa katika waraka wa CAP 632. Marekani huziweka katika kundi la majaribio, kifungu cha maonyesho. Afrika Kusini hutoa idhini ya kuruka chini ya Sehemu ya 24 ya kanuni zake. Masharti yanafanana: kwa kawaida hakuna abiria wa kulipa, hakuna kuzurura juu ya mitaa yenye watu, na matengenezo hufuata mpango uliokubaliwa kwa maandishi.

Kongo, mwenye neno ni Autorité de l'Aviation Civile (AAC), mamlaka ya usafiri wa anga, chini ya sheria namba 10/014 ya tarehe 31 Desemba 2010. Dawa yake ni kuandika barua kabla ya kununua. Uliza mambo matatu: mtaiandikisha katika kundi gani, nani atapitisha mpango wa matengenezo, na itaruhusiwa kuruka wapi. Jibu la mdomo lisikufanye utume hata dola moja.

Dalili inayofanana na hiyo: ndege ina kibali cha Afrika Kusini, ila Zambia haiipi ruhusa ya kupita. Chanzo ni kifungu cha 40 cha mkataba ule ule. Ndege ambayo cheti chake hakifikii viwango vya kimataifa haivuki mpaka bila ruhusa ya kila nchi inayoingia. Kutoka Johannesburg hadi Lubumbashi ni takriban kilomita 1,600, na L-39 kwa mafuta yake ya ndani haizidi sana kilomita 1,000. Utatua walau mara moja, na busara inataka mara mbili. Hesabu ruhusa za nchi zote hizo, za kutua na za kupita juu, na tarehe zake zikutane. Ruhusa ya nchi moja ikichelewa siku tatu, nyingine zinaisha muda.

Kontena limekwama Kasumbalesa

Wengine huona afadhali kuileta ikiwa imefunguliwa vipande. Ikikwama hapo Kasumbalesa, mpakani na Zambia, angalia karatasi ya mzigo imeandikwaje. Hati ikisema "vipuri" halafu afisa akafungua akakuta bawa lenye vishikio vya mabomu, huna tena mazungumzo mepesi. Na si forodha peke yake yenye wasiwasi: tangu azimio 1493 la mwaka 2003 Umoja wa Mataifa una vikwazo vya silaha kuhusu Kongo, na azimio 1807 la 2008 liliviacha juu ya wasio wa serikali. Mtu binafsi mwenye jeti ya kijeshi anaangukia pale pale macho yanapoangalia.

Mzigo usafiri na barua ya AAC, hati ya mtumiaji wa mwisho, leseni ya nchi inayouza, na cheti kwamba silaha zimeondolewa, chenye namba ya mwili wa ndege na namba ya moteri. "Zimeondolewa" maana yake vishikio, kioo cha kulengea, na nyaya za kufyatulia hadi kwenye swichi. Toleo la L-39ZA lina bunduki ya GSh-23 chini ya tumbo. Kama bado hujanunua, chagua L-39C uepuke mjadala huo. Ulaya huziweka ndege hizi katika kundi ML10 la orodha ya zana za kijeshi, Marekani katika kundi VIII la orodha yake. Hata vali ndogo ya Kimarekani inaweza kudai leseni mpya ikihama nchi.

Ilikuwa ikiruka, sasa imezuiwa

Hapa usitafute hitilafu kwenye moteri. Tarehe 22 Agosti 2015 ndege ya Hawker Hunter ilianguka Shoreham, Uingereza, ikaua watu 11 waliokuwa chini. Baada ya hapo jeti za kijeshi za zamani nchini humo zilibanwa: juu ya nchi kavu zipite tu, bila mizunguko ya sarakasi. Mwezi Oktoba mwaka huo huo ndege ya kudondosha mabomu, Vulcan XH558, iliruka mara ya mwisho. Haikuwa imevunjika. Kampuni zenye ujuzi wa usanifu wake ziliacha kuisimamia kitaalamu, na bila msimamizi kibali hakisimami. Kabla ya kununua aina yoyote, tafuta nani leo anajibu barua za kiufundi kuhusu aina hiyo. Kama hakuna, umenunua sanamu ya mapambo.

Kiti cha kujirusha: usikiguse, kisome kwanza

Dalili ni tarehe iliyopita kwenye ganda la baruti. Kila ganda lina umri wa ghalani na umri wa tangu lifungwe ndani ya kiti. Unaoisha kwanza ndio unaohesabika. Uchunguzi wa Shoreham ulikuta maganda ya viti vya ile Hunter yamepitwa na tarehe. Na Novemba 2009, kwenye maonyesho ya Overberg, Afrika Kusini, rubani wa jeti ya Lightning alipotaka kutoka, kifuniko cha juu hakikung'oka, na akafa. Kwa hiyo kukagua kiti peke yake hakutoshi. Kifuniko, waya zake na baruti zake ni sehemu ya njia ile ile ya kutokea.

Kiti cha VS-1 cha L-39 humwokoa rubani hata akiwa chini kabisa, mradi ndege iwe na mwendo wa angalau km 150 kwa saa. Ndege iliyosimama si salama kujirusha. Baruti mpya ni bidhaa hatari za daraja la 1: haziingii kwenye mzigo wa kawaida, na kibali cha mgodi cha kulipulia mwamba hakizihusu. Wamiliki wengi huchagua kuvizima viti kabisa. Ni uamuzi wenye mantiki kwa L-39 inayotua taratibu. Kwa Hunter au Lightning hatuungi mkono. Ukivizima, iandikwe kwenye kibali na kwenye kibandiko ndani ya chumba cha rubani, maana kiti kinachoonekana kizima huku hakina kitu ndani ni mtego.

Hanga likiwa na kiti chenye baruti, pini zote za usalama ziwe na utepe mwekundu na zihesabiwe kwa sauti kabla ya mtu kuingiza hata mguu.

Moteri haiwaki, au inawaka kwa hasira

AI-25TL haizungushwi na betri moja kwa moja. Betri inawasha turbini ndogo, Saphir-5. Saphir inatoa hewa yenye presha. Hewa inazungusha kianzishi. Kianzishi kinazungusha moteri. Fuata mnyororo huo kwa mpangilio, usiruke kiungo.

*Saphir yenyewe haishiki.* Shuku betri kabla ya kushuku Saphir. Betri inayoonyesha volti 25 ikiwa imepumzika inaweza kuzama vibaya mzigo ukianza kuvuta, basi ipime ikiwa na mzigo. Tumia gari la umeme la ndege lenye volti 28 zilizodhibitiwa. Lori la mgodi lina volti 24 na linavutia macho, lakini alteneta yake hupiga umeme wa kurukaruka unaoweza kuua vifaa vya zamani. Mashine ya kuchomelea, hata usiitazame.

*Saphir inatoa hewa, moteri inapanda kidogo kisha inakwama*, haifiki kasi ya kusubiri ambayo ni karibu asilimia 56, huku joto la gesi likizidi kupanda. Funga mafuta mara moja. Usingoje ijirekebishe, turbini inaungua kwa sekunde, si kwa dakika. Kisha fanya jaribio linalogawa tatizo mara mbili: zungusha moteri kavu, bila mafuta wala cheche, uandike kasi ya juu kabisa inayofikia. Linganisha na ile iliyoandikwa kwenye daftari la moteri ilipokuwa nzima. Ikiwa chini, ugonjwa uko upande wa hewa: kibano cha bomba kimelegea, bomba lina ufa, Saphir imechoka, au bapa za kompresa zimeshika uchafu. Ikiwa sawa, hamia upande wa mafuta: filta, kidhibiti mafuta, vinyunyizio, na vali za kutoa hewa za kompresa zilizogandia.

Kwenye mwinuko wetu kuna nyongeza. Luano, uwanja wa ndege wa Lubumbashi, iko takriban mita 1,300 juu ya bahari. Hewa ni nyembamba, kwa hiyo moteri iliyowekwa sawa Ulaya, kwenye mwinuko wa chini, huku kwetu inapata mafuta mengi kuliko hewa inayoivuta. Inawaka moto zaidi na kupanda polepole. Usibadilishe kidhibiti kabla ya kuthibitisha hilo.

*Joto linaruka mara tu moto unaposhika.* Vyanzo viwili vya kipuuzi huongoza: upepo wa nyuma, na mafuta yaliyobaki kutoka jaribio lililopita. Kiangazi upepo wa Lubumbashi huja zaidi kutoka mashariki na kusini-mashariki. Igeuze pua ielekee huko. Baada ya jaribio lililoshindwa fanya hivi:

1. Zima mafuta, zima cheche, ngoja mabomba ya kutolea yamalize kudondoka.
2. Mulika tochi ndani ya bomba la moshi. Ukiona kunang'aa kwa mafuta, usiwashe.
3. Zungusha kavu kupuliza mvuke nje, kisha kipe kianzishi muda wa kupoa uliotajwa kwenye kitabu.
4. Mtu asimame na mtungi wa kuzimia moto upande wa nyuma, si mbele ya mdomo wa kuvuta hewa.

Jaribio la tatu likishindwa, funga kazi siku hiyo. La nne ndilo huchoma.

Moshi mweupe mzito siku ya kwanza si ugonjwa. Ni mafuta ya kuhifadhia moteri yanaungua. Ukiendelea baada ya dakika chache, angalia sili za beringi. Chomoa plagi ya sumaku: unga laini wa kijivu unaweza kuvumilika, magamba yanayong'aa hayavumiliki. Maabara inayopima oili ya malori ya migodini inaweza kukusomea chuma, shaba na fedha zilizomo, mradi uwaambie ni oili ya turbini. Sampuli moja haisemi kitu. Ya tatu ndiyo inaanza kusema.

Harufu ya kerozeni ndani ya hanga

L-39 ina matangi matano ya mfuko wa mpira ndani ya mwili, jumla lita 1,055, na mawili ya lita 100 kwenye ncha za mabawa. Mifuko iliyokaa mikavu hupasuka kwenye mikunjo. Kosa ni kuijaza yote siku ya kwanza. Tia lita 200, ngoja saa 24, kagua matundu ya kutolea chini ya tumbo, ongeza 300, ngoja tena, kisha jaza. Uvujaji mdogo unaotulia baada ya siku moja au mbili ni mpira unaovimba na kujikaza. Usiotulia, mfuko utoke. Gundi ya ndani ya hanga haijawahi kuponya mfuko uliozeeka.

Masika, kuanzia Novemba, toa sampuli kwenye kila tundu kabla ya kila kuruka. Kidonge cha kupimia maji kikigeuka kutoka manjano kuwa kijani, maji yamefika karibu sehemu 30 kwa milioni. Mafuta hayo yarudi. Ute wa kahawia au mweusi kwenye filta ni ukungu unaoishi mpakani mwa maji na kerozeni. Dawa ya kuua vijidudu iliyotengenezwa kwa boroni hutiwa sehemu 270 kwa milioni kwa tiba na 135 kwa kinga. Iache ikae saa 72, kisha badilisha filta, na kagua tena baada ya saa chache za kuruka kwa sababu mizoga ya ukungu itaziba filta mpya.

Haidroliki: sindano inatetemeka, au inaanguka

Presha ya kawaida ni takriban kg 150 kwa sm². Sindano ikitetemeka moteri ikiwa imewaka, kuna hewa kwenye pampu au kilimbikizi (mtungi unaotunza presha kwa nitrojeni) kimepungua nitrojeni. Ikianguka hadi sifuri papo hapo baada ya kuzima, kilimbikizi hakina kitu. Toa presha yote ya mafuta kabla ya kusoma nitrojeni, la sivyo unasoma namba ya uongo.

Mafuta yake ni mekundu, AMG-10, na mbadala wake wa Magharibi ni 5606. Ndege kubwa za abiria hutumia ya zambarau, yenye fosfeti. Lita moja tu ya hiyo inatosha kuvimbisha na kumaliza sili zote za L-39. Kopo la msaada kutoka hanga la jirani lisome lebo yake mara mbili.

Mitungi nayo. Ukiikosa nitrojeni usikimbilie kwa wachomeleaji wa komini ya Kenya, hapa Lubumbashi, kuchukua mtungi wowote wenye uzi unaoingia. Oksijeni ikikutana na mafuta ya haidroliki ndani ya kilimbikizi inalipuka bila cheche. Na oksijeni ya kuchomelea haipumuliwi angani: unyevu wake huganda kwenye vali huko juu.

Inaruka, lakini pisti (njia ya kurukia) inaisha

Kwa kanuni ya kawaida, joto linalotarajiwa kwenye mwinuko wa Luano ni nyuzi 6.5. Oktoba saa nane mchana ikiwa nyuzi 33, ndege inajiona iko karibu mita 2,280. Msongamano wa hewa umeshuka kwa takriban asilimia 20. Ikiachia ardhi kwenye km 190 kwa saa za geji, matairi yanakimbia km 212 halisi. Msukumo nao umepungua, kwa hiyo mbio za kuruka huzidi mara moja na nusu ya zile za usawa wa bahari. Ukikatiza kuruka, breki zinabeba robo zaidi ya nguvu.

Pisti ya Luano, takriban mita 3,200, inasamehe. Kavumu ya Bukavu, karibu mita 1,700 juu na pisti fupi zaidi, haisamehi. Marubani wanaolalamika kwamba "moteri haina nguvu" mchana waletwe saa kumi na mbili asubuhi kabla hujagusa skrubu. Na AI-25TL huchukua sekunde 9 hadi 12 kutoka kasi ya kusubiri hadi nguvu kamili. Malalamiko ya kuchelewa wakati wa kughairi kutua ni tabia yake ya kuzaliwa.

Geji zinapingana

Kasi haisogei: nyigu wa udongo wamejenga ndani ya mrija wa pito. Wanahitaji siku chache tu bila kifuniko. Usipulize na kompresa ukiwa hujatenganisha vifaa, utapasua geji ya kasi. Altimita ya zamani inasoma milimita za zebaki, 760 ikiwa sawa na hektopaskali 1013; presha halisi ya Luano ni karibu 866, na dirisha la altimita nyingi halishuki hadi huko, basi rubani atumie QNH tu, yaani presha iliyohesabiwa hadi usawa wa bahari.

Isiyo na dalili

Mwaka 1990 Macchi ya jeshi la anga la Australia, ambayo ni MB-326 yenyewe, ilikatika bawa angani kwa ufa wa uchovu kwenye mhimili. Ufa kama huo hautoi sauti, hauvuji, hauonekani kwenye geji. Unaanzia ndani ya tundu la bolti, mahali ambapo rangi nzuri ya nje haifiki. Daftari la saa za kuruka na mizigo ya mabawa likiwa halipo, au lina kurasa zilizoandikwa kwa kalamu moja na mwandiko mmoja kwa miaka kumi, chukulia kwamba umri wa mhimili umekwisha. Ng'oa bolti za bawa moja moja, safisha matundu, yapimwe kwa mkondo wa umeme na mtu mwenye cheti. Rangi ya kupenya itumike kwa nyuso za wazi tu. Bolti iliyotoka kwa nyundo hairudi. Na bei ya ndege ijadiliwe baada ya majibu hayo, si kabla.